Sindano za nyama za puani: Dawa ipo Ulaya, mgonjwa yuko Mbagala

MKAZI wa Mbagala, Tandika au Mwananyamala ambaye pua yake imeziba kwa miaka kadhaa, asiyesikia harufu ya chakula wala ya moshi, ana kila sababu ya kutega sikio anapoambiwa kwamba ughaibuni kuna sindano inayosinyaza nyama za puani bila mgonjwa kulazwa kwenye meza ya upasuaji.

Habari hizo ni za kweli. Juni 2019 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo dupilumab, ambayo huuzwa kwa jina la Dupixent, kwa ajili ya uvimbe sugu wa sainasi unaoambatana na nyama za puani. Umoja wa Ulaya ulifuata Oktoba mwaka huo huo. Baadaye ziliidhinishwa omalizumab, yaani Xolair, mwaka 2020, mepolizumab au Nucala mwaka 2021, na tezepelumab, inayojulikana kama Tezspire, Oktoba 2025. Zote ni kingamwili zinazozalishwa na chembe hai ndani ya maabara, na ndiyo sababu huitwa dawa za kibayolojia.

Hata hivyo, ukifuatilia safari ya mgonjwa wa Temeke au Kinondoni tangu siku anayoanza kupiga chafya hadi siku anayokutana na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, inabainika kwamba anakwama mapema sana, mahali ambapo sindano hizo hata hazijatajwa. Mjadala wa dawa mpya usipoanzia hapo, unaweza kuishia kuwa mjadala wa watu wachache wenye uwezo wa kupanda ndege kwenda kutibiwa nje.

Tatizo la kwanza ni jina. Mitaani, "nyama za puani" ni jina linalobeba magonjwa yasiyopungua matatu. Mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi husemwa kuwa ana nyama za puani, ingawa mara nyingi kilichovimba ni tezi zilizo nyuma ya pua. Mtu mzima mwenye aleji naye huambiwa ana nyama, kumbe zilizovimba ni zile nyama za kawaida ambazo kila mtu amezaliwa nazo ndani ya pua. Polipi zenyewe, ambazo ndizo zinazozungumziwa katika habari za sindano, ni vinyama laini vyenye rangi ya kijivu kama zabibu iliyomenywa, vinavyoshuka kutoka kwenye matundu ya hewa ya mifupa ya uso, yaani sainasi, na kwa kawaida hutokea pande zote mbili za pua. Haviumi wala si saratani.

Kwa kuwa jina ni moja, tiba nayo hutafutwa moja. Mabango ya waganga yanayotangaza kuondoa nyama za puani hayabagui ni zipi. Hatari kubwa zaidi ni kwa mtu ambaye nyama yake iko upande mmoja tu na inatoa damu, kwa sababu hiyo huhitaji kukatwa kipande na kupelekwa maabara haraka, ili kujua kama ni uvimbe wa aina nyingine, ikiwamo saratani. Mgonjwa wa namna hiyo hatakiwi hata siku moja kupewa dawa ya mafua na kuambiwa arudi baada ya mwezi.

Wako wanaodhani kuziba pua ni kero tu, jambo la kuvumilia. Lakini mtu asiyenusa hawezi kutambua samaki aliyeharibika, na kwa mama lishe hilo ni suala la biashara yake na afya za wateja wake. Lipo pia jambo la gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na kwa wakazi wengi wa jiji maana yake ni mtungi wa gesi ndani ya nyumba. Gesi hiyo kwa asili haina harufu. Ile harufu kali huongezwa makusudi ili inapovuja watu waitambue, na kinga hiyo yote inategemea pua inayofanya kazi.

Ongeza usingizi uliovurugika, kichwa kizito na, kwa wengi wenye ugonjwa huu, pumu. Uhusiano wa pua na mapafu ni wa karibu mno. Wako wagonjwa, takriban mmoja kati ya kumi wenye polipi, ambao wana pumu na papo hapo hudhurika wanapomeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Hali hiyo ilielezwa na madaktari wa Ufaransa tangu mwaka 1922. Katika jiji ambalo vidonge vya diklofenaki hununuliwa dukani kama peremende kwa ajili ya kiuno na mgongo, mtu mwenye pua iliyoziba na kifua kinachobana alistahili kuulizwa swali hilo kabla ya kuuziwa. Ni nadra kuulizwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, ulichunguza wagonjwa 190 wenye mafua ya aleji na kukuta kwamba wengi wao walikuwa na maradhi mengine yaliyoandamana nayo, yakiwamo ya sainasi na nyama za puani, na kwamba hayo ndiyo hasa yaliyowasukuma kwenda hospitali. Kwa maneno mengine, watu hawaendi kwa daktari wanapoanza kuumwa. Huenda ugonjwa ukishakomaa.

Katika miaka hiyo ya kusubiri, mgonjwa wa kawaida wa pembezoni mwa jiji hupita katika duka la dawa. Huko hupewa dawa za kuua bakteria, akizimaliza hupewa nyingine, ingawa polipi hazisababishwi na bakteria wa kuuawa kwa vidonge vya siku tano. Hupewa matone ya kuzibua pua, ambayo hufanya kazi kwa saa chache na yakitumika mfululizo kwa zaidi ya wiki huifanya pua izibe zaidi kuliko mwanzo. Na baadhi hupewa vidonge vya prednisolone.

Prednisolone inastahili kusemwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayofanana zaidi na muujiza. Mtu aliyekosa harufu kwa miaka miwili akimeza vidonge hivyo kwa wiki moja huweza kusikia harufu ya vitunguu vikikaangwa. Akiacha, baada ya wiki au miezi michache nyama hurudi. Anarudi dukani. Matumizi ya kurudiarudia huleta kisukari, shinikizo la damu, mifupa dhaifu na mtoto wa jicho, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Kwa mtu mwenye minyoo aina ya strongiloidi, ambayo huingia kupitia ngozi ya miguu na kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, steroidi za vidonge huweza kuifanya minyoo hiyo izaliane na kusambaa hadi kusababisha kifo.

Dawa iliyopaswa kuanza ni nyingine kabisa, na haina mbwembwe: steroidi ya kupuliza puani kila siku, pamoja na kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Kiasi kinachoingia kwenye damu kutokana na dawa ya kupuliza ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Budesonide ya kupuliza puani imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) toleo la mwaka 2023. Dupilumab haimo. Tatizo la dawa hiyo ya kupuliza ni kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, hutakiwa kutumiwa kwa miezi, na mgonjwa huhitaji kuonyeshwa namna ya kuielekeza pembeni, mbali na ukuta wa kati wa pua. Maelezo hayo huhitaji dakika tano za muuguzi au mfamasia, dakika ambazo kwenye foleni ya asubuhi katika hospitali ya Temeke au Mwananyamala hazipatikani kirahisi.

Anayeshindwa kupata nafuu kwa njia hiyo hupigwa CT scan na kufanyiwa upasuaji kwa kutumia kamera nyembamba inayoingizwa puani. Upande wa vipimo hali imebadilika. Sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 ambao Tanzania iliupata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021 ilitumika kununua mashine za CT scan kwa hospitali za rufaa za mikoa, kipimo ambacho awali kilimlazimu mgonjwa kwenda Muhimbili au hospitali binafsi. Upasuaji wenyewe bado unategemea mabingwa wachache, na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, mbali na wale wanaoletwa kutoka mikoani.

Na kisu nacho si mwisho wa habari. Uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba miezi 18 baada ya upasuaji, polipi zilikuwa zimerudi kwa takriban asilimia 40 ya wagonjwa. Hapa ndipo sindano mpya zilipopata nafasi yake, na ni haki kusema kwamba zimefanya kazi kubwa. Katika majaribio mawili ya dupilumab yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyohusisha wagonjwa 724, waliodungwa sindano hiyo walipungukiwa na haja ya vidonge vya steroidi kwa asilimia 74 na haja ya upasuaji kwa asilimia 83 wakilinganishwa na waliodungwa sindano isiyo na dawa. Wengi walirudishiwa uwezo wa kunusa.

Ila majaribio hayo hayo yalionyesha jambo la pili, ambalo katika matangazo husemwa kwa sauti ya chini. Wagonjwa waliosimamishiwa sindano baada ya wiki 24 walianza kurudi walikotoka. Dawa hizi haziondoi chanzo cha ugonjwa. Zinaufunga mlango kwa muda wote ambao mtu anaendelea kudungwa, na dupilumab hudungwa kila baada ya wiki mbili, sawa na sindano 26 kwa mwaka.

Bei rasmi ya sindano mbili za dupilumab nchini Uingereza, kabla ya punguzo, ni pauni 1,264.89. Kwa mwaka mzima hiyo ni zaidi ya pauni 16,400, yaani zaidi ya Sh milioni 50 za Tanzania. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilichotangazwa Mei Mosi 2025 ni Sh 500,000 kwa mwezi. Mtumishi huyo angelazimika kutoa mshahara wake wote wa zaidi ya miaka minane, bila kula wala kulipa pango, ili anunue sindano za mwaka mmoja.

Msomaji anaweza kudhani huu ni unyonge wa nchi maskini pekee. Sivyo. Chombo kinachoamua dawa zipi zilipiwe na huduma ya afya ya umma nchini Uingereza, NICE, kilisitisha tathmini ya dupilumab kwa ugonjwa huu mwaka 2020, ya omalizumab mwaka 2021 na ya mepolizumab mwaka 2022, kila mara kwa sababu kampuni husika haikuwasilisha ushahidi ulioombwa. Nchini Marekani, watafiti waliopiga hesabu ya maisha yote ya mgonjwa mwaka 2021 waligundua kwamba upasuaji ungegharimu takriban dola 50,000 na dupilumab dola 536,000, na kwamba katika hesabu yao aliyefanyiwa upasuaji ndiye aliyeishi miaka mingi zaidi yenye afya njema. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 iliziweka sindano hizi nyuma ya upasuaji kwa wagonjwa walio wengi.

Miongozo hiyo, hata hivyo, haiwezi kuhamishiwa Dar es Salaam kama ilivyo, na sababu yake ni minyoo.

Kwa wagonjwa wengi wa Ulaya na Marekani, polipi huchochewa na tawi la kinga ya mwili ambalo wataalamu huliita aina ya pili. Askari wake ni chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, kingamwili ya IgE, na kemikali za mawasiliano ziitwazo interlukini namba 4, 5 na 13. Dupilumab huziba mlango wa namba 4 na 13, mepolizumab huishika namba 5, omalizumab huishika IgE, nayo tezepelumab huzuia ishara iliyo juu yao zote. Si kila polipi iko hivyo. Nchini China, kwa mfano, sehemu kubwa ya wagonjwa wana polipi zinazoendeshwa na chembe za aina nyingine, na sindano inayolenga eosinofili haina cha kulenga. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa kwanza: eosinofili zikizidi kiwango fulani kwenye damu, au IgE ikipanda, huhesabiwa kuwa ana ugonjwa wa aina ya pili.

Lakini jeshi hilo hilo la eosinofili na IgE ndilo ambalo mwili wa binadamu hulitumia kupambana na minyoo. Mtu wa Bonde la Msimbazi mwenye minyoo ya tumbo au kichocho anaweza kuwa na eosinofili na IgE za juu bila pua yake kuhusika kabisa. Kipimo ambacho kwa mkazi wa Brussels kinaelekeza kwenye pua, kwa mkazi wa Tandale kinaweza kuwa kinaelekeza tumboni. Shule za Tanzania hugawa albendazole na praziquantel kwa watoto si kwa bahati mbaya.

Kuna upande wa pili wa sarafu hiyo. Wagonjwa waliojulikana kuwa na minyoo waliondolewa katika majaribio ya dupilumab, na maelezo rasmi ya dawa hiyo yanaagiza minyoo itibiwe kabla ya kuanza sindano. Kuhusu omalizumab ulifanyika utafiti nchini Brazil, uliochapishwa mwaka 2007, kwa watu 137 wenye aleji wanaoishi katika mazingira ya minyoo. Katika kipindi cha mwaka mmoja asilimia 50 ya waliopewa dawa walipata minyoo angalau mara moja, dhidi ya asilimia 41 ya wasiopewa. Tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha madhara, wala minyoo haikuwa mikali zaidi au migumu kutibika. Inatosha lakini kumfanya daktari wa Dar es Salaam aandike kipimo cha choo na dawa ya minyoo kabla ya kuandika kingamwili, hatua ambayo kitabu kilichoandikwa Ulaya hakina sababu ya kuisisitiza.

Ipo pia suala la jokofu. Dupilumab hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ikitolewa nje haitakiwi kuzidi nyuzijoto 25 kwa zaidi ya siku 14. Februari jijini Dar es Salaam nyuzijoto 25 ni za usiku. Wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini waliujua ugumu huo vizuri wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023, kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha Februari 2024. Njia ya kuuepuka ni mgonjwa kudungiwa hospitalini, jambo linalowezekana zaidi kwa dawa za kila wiki nne kama mepolizumab na tezepelumab kuliko ile ya kila wiki mbili.

Swali linabaki kwa walipaji. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na uzito wa sheria hiyo utapimwa na kitita cha mafao, yaani orodha ya kile mwanachama anachostahili kupata. Machi 2024 ilionekana jinsi orodha hiyo ilivyo jambo nyeti, pale hospitali binafsi kadhaa ziliposusia kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa kutokubaliana na bei za kitita kipya. Mfuko unaovutana na hospitali kuhusu bei za kumwona daktari hauwezi kuanza na sindano ya Sh milioni 50. Unaweza kuanza na steroidi ya kupuliza puani kwa miezi 12 ya mwaka, katika ngazi ya kituo cha afya na si kwa bingwa pekee, pamoja na CT scan moja na upasuaji mmoja wa kamera kwa anayestahili. Hayo yangewafaa wagonjwa wengi zaidi, na yangewapunguza wale wanaoishi kwa prednisolone ya dukani.

Watabaki wachache: mwenye polipi zilizorudi baada ya upasuaji, mwenye pumu kali, asiyeweza kuacha vidonge vya steroidi bila kulazwa. Kwake sindano si anasa, na pumu yake pekee inaweza kuwa hoja ya kutosha, kwa kuwa dawa hizi zote nne hutumika pia kwa pumu kali. Kwa wagonjwa kama huyo bei hujadiliwa, haikubaliwi kama ilivyo kwenye karatasi. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2025 kwa kingamwili nyingine, Herceptin ya saratani ya matiti: makubaliano na kampuni ya Roche yaliishusha gharama ya kila awamu kutoka Sh 120,000 hadi Sh 40,000 za Kenya, zinazolipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii ya nchi hiyo.

Kwa upande wa pua, dawa ya kuanza kuulizia bei ni omalizumab. Hataza za dupilumab nchini Marekani zinatarajiwa kudumu hadi takriban mwaka 2031, ilhali nakala ya kwanza ya omalizumab, Omlyclo ya kampuni ya Celltrion ya Korea Kusini, iliidhinishwa Ulaya Mei 2024 na Marekani Machi 2025, na ujio wa nakala ndio ulioshusha bei za kingamwili nyingine. Kipimo cha omalizumab hupangwa kwa uzito wa mgonjwa na kiwango chake cha IgE. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa Temeke, kidonge cha albendazole kitatangulia sindano hata katika hesabu ya dozi.